BARIDI HAIULIZI WEWE NI SHABIKI WA TIMU GANI

(1)
Wale wa siku zote mnajua utaratibu wangu: nikitoka zamu ya usiku naoga, nakunywa chai, nalala. Leo chai imepoa mezani na usingizi umegoma, kwa sababu kabla sijazima simu nimechungulia kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku.

Wikiendi hii kuna mechi ya mtoano ya futiboli ya Kimarekani. Utabiri unasema nyuzi 20 chini ya sifuri. Tiketi zimeshuka bei kwa sababu wenye akili zao wanaziuza, na ndugu zangu, wabeba boksi wenzangu, ndiyo kwanza wanazichangamkia. "Baridi ni akili tu." "Mwanaume haogopi theluji." Mmoja akamalizia: "Kwani shida iko wapi, nesi wetu si yupo?" Akaweka na vicheko vinne.

Nesi wenu yupo. Ndiyo huyu anaandika. Na hoja yake ni moja, naitoa mapema ili asiye na muda aondoke nayo: kukaa masaa matatu uwanjani kwenye baridi ya namna hiyo mnakuita ushabiki, mimi nakuita biashara ya watu wengine inayolipwa kwa vidole vyako. Na ligi inayoiendesha inajua kabisa inachofanya. Nitawaonyesha.

(2)
Kwa walioko nyumbani, maelezo kidogo. Hii siyo soka letu. Ni ule mpira wa kofia ngumu na mabega makubwa, ligi yake inaitwa NFL. Msimu unaanza Septemba, kwa hiyo mechi za mtoano, zile kubwa zenye hela, zinaangukia Januari, mwezi wenye baridi kuliko yote huku. Mvua haisimamishi mechi. Theluji ikianguka wanafagia mistari, mchezo unaendelea.

Sasa twende Kansas City, Jumamosi ya Januari 13, 2024. Chiefs wanawakaribisha Miami Dolphins, timu ya watu wa joto, uwanja wa Arrowhead usio na paa. Mechi inaanza saa 1 usiku. Kipimajoto kinasoma nyuzi 20 za selsiasi chini ya sifuri, na ukijumlisha upepo mwili unaonja kama nyuzi 33 chini ya sifuri.

Uelewe hiyo namba. Friza ya kugandishia nyama inawekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Yaani watu walitoka majumbani kwao wakaenda kukaa sehemu yenye baridi kuliko friza ya bucha, tena friza yenye feni, usiku, masaa matatu, na wengi walishakaa masaa mengine kwenye maegesho wakichoma nyama na kunywa bia, maana huo ndio utamaduni wao kabla ya mechi.

Dunia ilikumbuka nini kwenye mechi ile? Masharubu ya kocha Andy Reid yaliyoganda yakawa meupe kama mswaki. Na kofia ya Patrick Mahomes, iliyopasuka kipande kikaruka baada ya kugongana. Plastiki ngumu iliyotengenezwa kuzuia vichwa visipasuke, ilipasuka. Watu wakacheka, wakatengeneza vichekesho mtandaoni. Chiefs wakashinda 26 kwa 7.

Jiulize tu: ikiwa kofia ile ilifika mahali ikashindwa, kidole chako kimetengenezwa na nini?

(3)
Usiku uleule zaidi ya watu 10 walipelekwa hospitali kutoka uwanjani. Habari ikaisha, watu wakahamia mechi nyingine.

Lakini sisi wa wodini tunajua kwamba ugonjwa huu haufuati ratiba ya televisheni. Mwezi Machi hospitali moja ya Kansas City ilitoa taarifa. Ilikuwa imewatibu watu kadhaa walioganda viungo katika siku zile 11 za baridi kali za Januari. Kati yao 12 walikatwa viungo, zaidi vidole vya mikono na vya miguu, na miongoni mwa hao 12 walikuwemo waliohudhuria mechi ile. Hospitali ikasema upasuaji mwingine unakuja.

Angalia tarehe. Mechi Januari, kukatwa Machi. Kwa nini? Kwa sababu nyama iliyoganda haisemi siku ile ile ni ipi imekufa na ipi itapona. Madaktari wa upasuaji wanasubiri mpaka mstari ujichore wenyewe kati ya kilicho hai na kilichokufa. Wiki nyingi mtu anakaa na vidole vyake vyeusi, vikavu kama kuni, anaviangalia asubuhi na jioni, anaviombea.

Shabiki mmoja aliwaeleza waandishi kwamba alivua glavu dakika chache tu ili asimamishe hema kwenye maegesho. Hakuwa mlevi wa kulala kwenye theluji. Alivua glavu akafunga kamba za hema, basi.

(4)
Sasa nifundishe kidogo, hii ndiyo kazi niliyosomea.

Mwili ukipata baridi kali unaanza kubana matumizi. Moyo, ubongo, mapafu lazima vipate joto. Kwa hiyo mishipa ya damu inayokwenda pembeni inajifunga: vidole vya mikono, vya miguu, pua, masikio. Mwili unavitoa hivyo ili wewe uishi. Damu ikikosa kufika, maji yaliyo ndani ya nyama yanaanza kuganda. Kipande kidogo kidogo cha barafu kinaota ndani ya kidole chako na kuchana chembe hai kutoka ndani.

Na ubaya wake ni huu: hakiumi. Mwanzoni kinachoma, kinawasha, halafu kinanyamaza. Mtu anasema, "Aah, nimeshazoea." Hujazoea, kaka. Mishipa ya fahamu imezimika. Maumivu yatakuja baadaye, ukishaingia kwenye joto, na nakuambia nimesikia watu wazima waliopigana vitani wakilia kama watoto wakati vidole vinayeyuka.

Bia nayo. Bia inakudanganya una joto kwa sababu inafungua mishipa ya ngozi, damu moto inakuja juu, uso unachangamka. Lakini joto hilo ndilo linatoka nje, unaligawa bure kwa hewa. Na ile akili ya kukuambia "vaa glavu, ingia ndani" ndiyo ya kwanza kulewa.

Idara ya hali ya hewa ya Marekani inaonya kwamba kwenye baridi yenye upepo wa kiwango kile, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Mechi ni masaa matatu. Hesabu hiyo haihitaji nesi.

(5)
Sehemu hii ni ya kwetu sisi weusi, na naomba mnisome taratibu.

Vipeperushi vingi vya huku vinasema angalia ngozi ikiwa nyekundu, halafu nyeupe. Kwa ngozi yetu wekundu huo huuoni. Kwetu inaanza kupauka, inakuwa ya kijivujivu kama mguu uliokosa mafuta wakati wa kipupwe. Kwa hiyo mtu anaona, anapaka losheni, anaendelea na mambo yake.

Tena tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika wanapata majeraha ya baridi kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao weupe, wakiwa kwenye mazingira yaleyale. Siyo uzembe wala ugeni. Namna mishipa yetu inavyoitikia baridi ni tofauti.

Kwa hiyo unapomwona jirani yako Mmarekani kavua shati kifua wazi uwanjani, kajipaka rangi ya timu, kamera inamfuata, usiseme "mbona yule". Yule naye anajiua polepole, lakini wewe huanzii hata pale anapoanzia yeye. Na kama una kisukari, au unavuta sigara, umejiongezea mzigo mwingine juu ya huo.

Hili hamtaliona kwenye tangazo la mechi.

(6)
Najua mtaniambia nini. "Ni utamaduni." Haya, tuuangalie utamaduni.

Desemba 31, 1967, mji wa Green Bay, Packers na Dallas Cowboys. Mechi hiyo mpaka leo inaitwa Ice Bowl, bakuli la barafu. Nyuzi 25 chini ya sifuri. Mitambo ya kupasha joto chini ya nyasi ilishindwa kazi, uwanja ukawa kioo. Filimbi ya mwamuzi ya chuma iliganda kwenye midomo yake, alipoivuta ikaondoka na ngozi. Ikabidi waendeshe mechi kwa kupiga kelele. Packers wakashinda 21 kwa 17 dakika ya mwisho.

Nusu karne na zaidi wanaisimulia kama kisa cha mashujaa. Sikatai, ule mchezo wa mwisho walioshindia ni mzuri, nimeutazama. Lakini kila anayesimulia anasimulia kutoka sehemu yenye joto. Na kutokana na hadithi hiyo ndipo wanapotoka wale wachezaji wakubwa wa mstari wa mbele wanaotoka na mikono mitupu kwenye barafu kuonyesha hawaogopi, na kutokana na hao ndipo wanapotoka mashabiki wa kifua wazi.

Ila mchezaji yule anakimbia na kusukumana. Akitoka anakalia benchi lenye joto, ana mashine inampulizia hewa moto, ana madaktari wa timu hatua tano kutoka alipo. Wewe uko juu kwenye kiti kilichoganda, umebanwa katikati ya watu, choo kiko mbali na foleni ndefu. Mnaiga mtu ambaye hamko naye kwenye hali moja.

Na nisijifanye mtakatifu. Msimu wangu wa pili wa baridi huku, na mimi nilienda. Nilikuwa mpya, nataka nionekane nimefika. Nilipiga picha kope zangu zikiwa na barafu, nikaiposti. Ndiyo picha yangu iliyopendwa kuliko zote mwaka ule, hata mama kijijini alionyeshwa. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto mpaka leo kikipata baridi kinakufa ganzi kabla ya vingine. Hilo sikuliposti.

(7)
Sasa tuje kwa wenye mali. Nimesema ligi inajua. Ushahidi ni huu, mitatu.

Wa kwanza: radi. Radi ikipiga karibu na uwanja, mechi inasimama, wachezaji wanaingia ndani, mashabiki wanaambiwa wajikinge. Septemba 9, 2018, Miami Dolphins haohao walicheza na Tennessee Titans kwao Miami, radi ikawasimamisha mara mbili. Mechi ilichukua masaa 7 na dakika 8. Hakuna aliyesema "radi ni akili tu". Maana yake wakitaka, televisheni inasubiri.

Wa pili: Buffalo. Wikiendi ileile ya Kansas City, Buffalo Bills walitakiwa kucheza na Pittsburgh Steelers Jumapili saa 7 mchana. Dhoruba ya theluji ikaja, barabara hazipitiki. Gavana Kathy Hochul wa New York akatangaza mechi imesogezwa hadi Jumatatu saa 10 na nusu jioni. Tangazo lilitoka Jumamosi, siku ileile ambayo Kansas City watu walikuwa wanaelekea kwenye friza. Klabu ikatangaza kazi ya kuondoa theluji kwa machepe, dola 20 kwa saa. Mechi ikachezwa Jumatatu, Bills wakashinda 31 kwa 17. Anga halikuanguka. Tofauti ya miji hii miwili ni ipi? Theluji inafunga barabara, mteja hafiki uwanjani. Baridi haifungi barabara. Mteja anafika, anakaa, anaganda taratibu bila kumsumbua mtu.

Wa tatu, na huu ndio unaonikera kuliko yote: Super Bowl, fainali yao. Kwa miaka mingi fainali hiyo walikuwa wanaipeleka miji ya joto, au wakiipeleka mji wa baridi basi ndani ya uwanja wenye paa. Mpaka mwaka 2014 ndipo ilipochezwa kwa mara ya kwanza uwanja wa wazi kwenye mji wa baridi, kule New Jersey. Februari 4, 2018 ilikuwa Minneapolis. Nje nyuzi zaidi ya 10 chini ya sifuri, ndani chini ya paa wageni wenye tiketi za maelfu ya dola wamevaa fulana.

Kumbe wanajua! Siku ya wageni wao wakubwa baridi ni tatizo linalotafutiwa paa. Siku yako wewe, baridi ni "mazingira halisi ya mpira wa Januari". Kwa radi kuna mstari. Kwa theluji inayozuia magari kuna mstari. Kwa baridi inayokata vidole hakuna nyuzi joto zilizoandikwa popote kwamba zikifika hapa, leo hatuchezi.

(8)
"Lakini nesi, kila mtu mzima anachagua mwenyewe."

Hapa sasa naomba mkae.

Kuna mgonjwa mmoja. Sitataja mji, mwaka wala hospitali, na nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. Niliitwa kutoka wodi nyingine kwa sababu alikuwa anaongea Kiswahili, Kiingereza chake kidogo, na mkalimani wa simu hakuwa anapatikana. Nikaingia nikasema, "Shikamoo baba." Akageuka kuangalia mlango kama mtu aliyeitwa kutoka kijijini kwake.

Hakuwa shabiki. Alikuwa anaelekeza magari kwenye maegesho ya uwanja siku ya mechi. Kampuni ilimpa koti la rangi inayong'aa na kijiti cha taa. Viatu ni vyake mwenyewe, vile vya kazini vyenye chuma mbele, na chuma kwenye baridi ni adui. Alianza kazi kabla mashabiki hawajafika, akamaliza baada ya wao kuondoka. Niliuliza kama aliruhusiwa kuingia ndani kupata joto. Akasema aliogopa kuuliza, maana ilikuwa wiki yake ya pili kazini.

Vidole viliponyamaza akashukuru Mungu, akadhani vimezoea. Nyumbani akaviweka karibu na hita. Asubuhi malengelenge yakajaa damu. Hakuja. Alikaa siku tatu kwa sababu alikuwa amepangiwa shifti nyingine na hakuwa na bima.

Nilipokuwa nafungua bandeji akaniuliza, "Mwanangu, hivi vitarudi?" Vilikuwa vinne. Nimesomea namna ya kujibu maswali kama hayo. Diploma yangu ina somo zima la mawasiliano na mgonjwa. Nilikaa chini kitandani pake, kitu tunachokatazwa, nikamwambia, "Baba, tutasubiri tuone." Yeye mwenyewe akasema, "Sawa. Vimeondoka."

Kitu kimoja alichokisema baadaye sijakisahau. Hata mpira wenyewe hakuuona. Uwanja ulikuwa nyuma yake muda wote, alikuwa anasikia kelele tu.

Sasa niambieni, huyu alichagua? Wewe ukinunua tiketi ya bei rahisi kwenda kuonyesha uanaume, unajaza uwanja. Uwanja ukijaa, mechi inachezwa. Mechi ikichezwa, lazima kuna mtu wa kuelekeza magari, wa kuuza bia, wa kukagua mabegi getini, wa kufagia usiku wa manane. Wengi wao ni sisi. Ni Mkongo, ni Mrundi, ni Msomali, ni Mtanzania wa wiki ya pili kazini.

(9)
Mtasema hakitabadilika kitu, ni mchezo wa Wamarekani. Nyinyi hamjui historia.

Korey Stringer alikuwa mchezaji wa Minnesota Vikings, miaka 27, mtu mkubwa mwenye nguvu. Mwaka 2001 alianguka mazoezini kwenye joto kali kule Mankato, Minnesota, akafariki Agosti 1. Joto la mwili lilipanda likampika kutoka ndani. Kabla ya hapo kunyimwa maji mazoezini kulikuwa kunaitwa "kukomaza wachezaji". Baridi ni akili tu, joto ni akili tu, wimbo ni uleule.

Mjane wake hakunyamaza. Alipelekana na ligi mahakamani miaka mingi, na mwaka 2010 ikafunguliwa taasisi yenye jina la mumewe katika Chuo Kikuu cha Connecticut, inayofundisha kuzuia vifo vya michezoni. Kanuni yao kubwa kwa mtu aliyezidiwa na joto nesi yeyote anaipenda: mpoze kwanza kwenye maji ya baridi, ndipo umsafirishe. Leo shule nyingi za huku wachezaji wanazoeshwa joto siku kwa siku, na kocha anayekataza maji anaonekana mshenzi.

Kwa hiyo utamaduni ulibadilika. Ulibadilika kwa sababu mtu mwenye jina alikufa na mkewe akakataa kuambiwa ni bahati mbaya. Mimi nauliza: kwa baridi tunasubiri jina la nani? Maana vidole vya wasiojulikana vimeshakatwa vya kutosha.

(10)
Ninachotaka ni mambo matatu, hayahitaji miujiza.

Ligi iandike namba. Kama kuna kanuni ya radi, iwepo ya baridi: ikifika hapa, mechi inasogezwa hadi mchana, au kesho, au inapelekwa kwenye paa. Buffalo waliweza kwa siku moja.

Pili, mwenye tiketi anayeogopa kuganda arudishiwe hela yake, asilazimike kuchagua kati ya hela na vidole.

Tatu, kila mfanyakazi wa nje apewe viatu, zamu fupi na chumba cha joto, bila kuomba. Bila kuomba, narudia, maana wa wiki ya pili haombi.

Mpaka hapo watakapoandika namba yao, andika ya kwako. Ya kwangu ni nyuzi 15 chini ya sifuri: zikifika hapo natazama kwenye televisheni na supu mkononi. Mahomes anaonekana vizuri zaidi sebuleni kwangu.

Na kama lazima uwepo, kwa kazi au kwa ubishi, kariri haya. Soksi kavu za kubadilisha, viatu visivyobana. Glavu zisitoke, hata kwa picha. Pombe hapana. Kidole kikichoma halafu kikanyamaza, ondoka hapo hapo, dakika za nyongeza ziache. Usikisugue, usikipake theluji, usikiweke kwenye moto wala hita, maana hakisikii na kitaungua. Maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 mpaka 39, tena pale tu ambapo una hakika hakitaganda upya. Halafu hospitali usiku huo huo, bima au bila bima. Dawa zipo za kuokoa kidole ukiwahi. Februari 2024, mwezi mmoja baada ya mechi ya Kansas City, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha iloprost kuwa dawa ya kwanza ya kupunguza hatari ya kukatwa viungo vilivyoganda vibaya. Lakini dawa haimfuati mtu aliyejificha nyumbani siku tatu.

Wewe kaka uliyeandika "nesi wetu si yupo", sina kinyongo. Nakujibu tu. Nipo. Jumamosi hii niko zamu. Ukija nitakupokea, nitakupa dawa ya maumivu, nitakufunga bandeji vizuri kuliko yeyote. Kitu kimoja tu sitaweza, na nimeshakishindwa mbele ya mzee mwenye umri wa baba yangu: kukujibu ukiniuliza kama vitarudi.

Uza hiyo tiketi. Au ichane. Njooni kwangu mtazame, napika pilau.

Komenti ziko wazi. Matusi hapana. Nalala.